Mama Hakubali Kupepesa

Nimechoka na mama yangu, na nimechoka na simu hii. Tangu tule mchana tumekaa chumba cha cherehani, mimi nimemshikia simu usoni, yeye kaikodolea macho kama anagombana nayo.

Programu yenyewe ni rahisi. Unatazama kamera bila kupepesa. Macho yakianza kukuwasha, unapepesa. Simu inahesabu. Ukishindwa kuvumilia, huenda macho yamekauka, nenda kliniki ukapimwe. Sasa mama, mshonaji anayeamka asubuhi akifumbua kope kwa vidole, ameigeuza mashindano.

"Mama, yakiwasha pepesa."

"Hayawashi."

Machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni! Simu ikaandika kwamba macho yako salama. Akajifuta uso kwa kipande cha bitana, akatabasamu.

"Umeona?"

"Mama, mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua. Nimeijua kabla hujazaliwa. Haya, rudia."

Tukarudia. Akashinda tena. Hapo nikapandisha hasira.

"Unamkomoa nani? Simu haiumwi, unaumwa wewe!"

Akawa anazungusha gurudumu la cherehani taratibu, sindano ikipanda na kushuka bila uzi.

"Kaka yako alisemaje juzi?"

Kaka alisema, macho ya mama yakionekana mabovu, kushona basi. Cherehani iuzwe, mama akakae kwake. Mimi niliona ni huruma ya mtoto kwa mzazi.

"Alisema utapumzika, mama."

"Nipumzike, halafu niamkie nini?"

Hasira iliniisha, nikabaki na aibu tu. Nikamwambia tupime tena, safari hii kweli, tuko wawili tu humu. Akanitazama kwanza, kisha akaitazama kamera. Sijakaa sawa, akapepesa. Akapepesa tena, na tena, uso umemkunjamana kwa maumivu aliyoyabana mchana kutwa. Hakungoja majibu. Akaifunika simu kwa kiganja.

"Kliniki nitakwenda, mwanangu. Hata kesho. Lakini huyo kaka yako usimwambie."

Simu ikaanza kulia chini ya kiganja chake. Alikuwa kaka. Nikapokea, akauliza vipi majibu ya mama.

"Macho mazima," nikasema.