Namna Mshono wa Mama Ulivyopinda

Mama yangu ameshona kwa cherehani moja kwa miaka arobaini na mitatu. Ni ile ya chuma, nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, nzito kiasi kwamba kila tulipohama nyumba ndiyo iliyotangulia kupakiwa, kwa sababu ikibaki mwisho hakuna aliyekuwa na nguvu za kuinyanyua. Mwaka huu, alipotimiza sabini na mmoja, niliamua kuitengeneza. Sikumuuliza. Mimi si mtu wa kuulizauliza. Kitu kikipiga kelele nakipeleka kwa fundi.

Na kelele ilikuwa inapiga. Gurudumu zito, mkanda wa ngozi umeungwa kwa waya mara tatu, na mafuta ya zamani yameganda ndani kama ulimbo. Mama alipokwenda kukaa kwa mdogo wangu wiki mbili, nikaipeleka kwa Mama Grisi.

Mama Grisi ni fundi wa cherehani kuukuu. Jina lake halisi silijui. Ana mikono myeusi hadi viwikoni, na anaongea na mashine kuliko anavyoongea na wateja.

"Huyu ni bibi kabisa," alisema, akiipapasa mbavuni. "Mwanangu, nimfanyie nini?"

"Kila kitu. Kilichokwama kilegezwe, kilicholegea kikazwe, kilichopinda kinyooshwe."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Mwenyewe ni mama yangu. Wewe fanya."

Akafanya. Aliifungua skrubu moja moja, akaloweka vyuma vyake kwenye mafuta ya taa, akasugua meno yanayosukuma kitambaa kwa mswaki. Alifunga mkanda mpya. Alibadilisha na mguu, yaani kile kibao kidogo cha chuma kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano. Wa zamani ulikuwa umelika upande mmoja na kupinda, kwa sababu cherehani iliwahi kuanguka siku ya kuhama nikiwa mdogo, na baba akaugonga kwa nyundo ukakaa alivyoweza kuukalisha.

Iliporudi nyumbani, binti yangu wa kidato cha tatu aliijaribu kwenye shuka kuukuu. Mshono ulinyooka kama umepigiwa rula. Nikajisifu kimoyomoyo, na kwa sauti pia.

Mama aliporudi alisimama mlangoni akaitazama.

"Mmeiogesha," alisema.

"Imetengenezwa, Mama. Kaa uone."

Alikaa na gauni la jirani, akakanyaga. Cherehani ilikwenda kimya kabisa. Mama akatabasamu, akashona ubavu mzima wa gauni, akainua kitambaa kukitazama, tabasamu likafutika. Kitambaa kilikuwa kimekimbilia kushoto, mshono ukauacha mstari wa chaki kama njia ya mlevi.

Akafumua, akashona tena. Kushoto tena.

"Taa haitoshi," nilisema. Nikaleta taa. Kushoto.

Hapo ndipo akili ilianza kunizunguka. Nilimwita binti yangu, akashona kitambaa kilekile, uzi uleule, kiti kilekile. Umenyooka. Akakaa mama, ukapinda. Akarudi binti, ukanyooka.

"Bibi, labda unakanyaga kwa hasira," binti alisema.

"Nyamaza wewe, mke mwenza. Nilikuwa nakanyaga hapa kabla mama yako hajaota meno."

Alicheka, lakini alikuwa amekificha kile kitambaa chini ya paja.

Nilimpeleka hospitali ya macho. Daktari alimsomesha herufi hadi zile za chini kabisa, akaniambia macho yake yanayashinda yangu. Nikamuuliza kuhusu mikono. Akamwambia ainyooshe, aikunje, amkamate vidole ambane. Daktari alipiga kelele kidogo. Mikono mizima.

Basi mbovu ni cherehani. Nikamwita Mama Grisi nyumbani, na sikumpokea kwa chai.

"Umeniharibia mashine."

Alikaa, akashona mistari sita kwenye gazeti bila uzi, kisha sita kwenye kitambaa. Yote imenyooka.

"Nionyeshe nilipoharibu," alisema.

Sikuwa na pa kumwonyesha. Cherehani nzima, macho mazima, mikono mizima, mshono umepinda. Nina stashahada ya utunzaji wa ghala, mimi. Kazi yangu ni kutafuta kilichopungua hadi kionekane, na hapa hakuna kilichopungua. Usiku nilimweleza mume wangu, akasema labda mama amezeeka tu. Nikamwambia alale.

Lakini mama naye alikuwa ameshafika hapohapo. Jumamosi asubuhi nilimkuta amepanga vitambaa vya wateja mezani, kila kimoja kimefungwa na kikaratasi cha vipimo, kwa hati yake.

"Hivi virudishwe kwa wenyewe," alisema. "Watafute fundi mwingine."

"Kwa nini?"

"Usijifanye huoni. Mtoto anashona, fundi anashona, mimi siwezi. Cherehani haina kosa. Mimi ndiye niliyekwisha."

Akamwita binti yangu, akampa mkasi wake mkubwa na futi kamba. "Chukua, mke mwenza. Mume amekuwa wako." Ndiyo ilikuwa namna yake ya kutania, ila safari hii hakuna aliyecheka. Kisha akaenda kukaa kitandani mchana kweupe, mwanamke ambaye sijawahi kumwona amekaa kitandani mchana isipokuwa akiwa na malaria.

Mikono haikuwa imekwisha. Daktari bado alikuwa anaisugua ya kwake. Lakini nikimwambia hivyo, mshono unanikanusha. Nilivaa viatu nikamfuata tena Mama Grisi.

"Usije kuitazama cherehani," nilimwambia. "Njoo umtazame mama."

Ilibidi nimbembeleze mama kama mtoto wa chekechea. Alikaa kwa shingo upande, akachukua kipande cha kitambaa, akaanza. Mama Grisi alichuchumaa ubavuni, uso wake karibu unagusa meza. Kwa mara ya kwanza hakusema neno na mashine.

"Simama," alisema. "Shikamoo, kwanza. Nimesahau."

"Marahaba. Umeona nini?"

"Huo mkono wa kushoto, Mama. Unafanya nini?"

"Unashika kitambaa."

"Haushiki. Unavuta."

Mama aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mgeni. "Hauvuti."

"Anza tena, taratibu."

Akaanza, na sote tukaona. Vidole viwili vya kushoto vilikuwa vinakivuta kitambaa kushoto, kidogo tu, kila sindano inapopanda. Mama Grisi akanigeukia.

"Ule mguu uliopinda ulikuwa unakitupa kitambaa kulia. Miaka yote mkono wake unakirudisha. Mimi nimenyoosha mguu, mkono haujaambiwa. Mazoea yana taabu."

Kwa hiyo cherehani ilikuwa mbovu ikashona vizuri, ikapona ikashona vibaya, na aliyeiponya ni mimi.

"Mama, usivute basi," nilisema.

Alijaribu. Alipouzuia mkono, miguu yake ikasahau kukanyaga, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Mara ya pili vivyo hivyo. Alinitazama.

"Wewe jaribu kutembea huku unafikiria magoti."

Kisha akamgeukia Mama Grisi. "Kwa hiyo mkono wangu ni mzima?"

"Mzima kupita wangu."

"Mguu wangu wa zamani uko wapi?"

Mama Grisi alijikuna. "Kwenye debe la chuma chakavu. Lakini Mama, mimi nirudishe ubovu? Watu watasema nini?"

"Waambie nimekuomba. Nenda kaulete."

Alikwenda akinung'unika, akarudi nao umefungwa kwenye kitambaa. Bisibisi, skrubu moja, dakika moja. Mama akachukua gauni la jirani, lile lililofumuliwa mara nne, akakanyaga. Hakulitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama nje dirishani. Alipolitoa, mshono ulikuwa juu ya chaki mwanzo hadi mwisho.

"Mke mwenza," aliita, "lete mkasi wangu."

Nilitaka kuelewa. Nilikaa kwenye kiti chake na kipande cha shuka, nikashona. Kitambaa kilinikimbia kulia kama kimeitwa.

"Vuta kwa mkono wa kushoto," mama alisema.

Nikavuta. Kikaenda kushoto.

"Umevuta sana."

Nikapunguza. Kulia.

"Umevuta kidogo."

"Sasa kiasi gani, Mama? Niambie kiasi."

Aliuinua mkono wake wa kushoto, akavisugua vile vidole viwili.

"Sijui," alisema. "Inuka hapo, nina kazi za watu."