Soya ya Ng'ambo na Perege wa Limi

Mwaka 1998 Limi alikuwa na mabwawa mawili ya perege nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Ngokolo. Mumewe, Maganga, alikuwa mchimbaji wa dhahabu huko Bulyanhulu, akirudi kwa nadra, hivyo samaki walikuwa wa Limi mwenyewe.

Mvua zilipokatika, perege wakaanza kususia chakula. Kila aliyepasuliwa alikutwa na utumbo uliovimba, mwekundu. Jirani yake Bujiku akavumisha kwamba ni ile soya ya ng'ambo anayowalisha, ambayo mbegu yake imebadilishwa na wataalamu maabarani. Wateja wakapotea.

Soya hiyo Limi aliinunua kwa rafiki yake Mehjabin, mwenye duka mtaa wa Kambarage. Akamwendea, moyo mzito.

"Mama Khushbu," Limi akamwita kwa jina la mwanawe, "watu wanasema umeniuzia sumu."

"Na wewe unasemaje, Mama Masalu?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja."

Mehjabin aliweka mizani kando. "Basi tutafute wote."

Wakakubaliana bwawa moja liendelee na soya ya ng'ambo, la pili lipewe soya ya kwetu, ya mbegu ya kawaida. Mehjabin alikuja mara kwa mara, akapandisha suruali yake ya shalwar na kurusha chakula, huku watoto wa mtaa wakimcheka, naye akicheka nao.

Baada ya wiki kadhaa alikuja Gregory, bwana samaki wa wilaya. Alipasua perege wa kila bwawa juu ya sinia. Utumbo wa wote ulikuwa mwekundu vilevile.

"Hiyo mbegu mpya siwezi kuiapia, bado inachunguzwa," alisema. "Lakini hapa naona ugonjwa mmoja kwa soya zote mbili. Mnaipika?"

"Tunaisaga tu," Limi akajibu.

"Soya mbichi inawachoma utumbo. Ikaangeni kwanza."

Limi akajishika kichwa. Wanawe hajawahi kuwapa maharage mabichi!

Wakaikaanga, uwanja mzima ukanukia. Taratibu perege wakarudi kugombania chakula, na waliopasuliwa safari hii utumbo wao ulikuwa laini, wekundu umekwisha.

Maganga aliporudi, Mehjabin alipika perege kwa bizari na ukwaju. Bujiku naye aliitwa. Alikula macho chini, kisha akasogeza sahani.

"Mama Masalu, niongezee kidogo."

Limi akamchagulia aliyenona kuliko wote.

"Wabeja," Bujiku akashukuru kwa Kisukuma, na mazungumzo yakahamia kwenye kuchimba bwawa la tatu.