Mjomba Anakuja Kunichukua

Ma Zondi, mlinzi Mzulu wa duka, alizitoa chupa za manukato kwenye soksi za Samira na kuziweka mezani. Bushra, mwenye duka, hakupiga kelele. Alimtazama yule binti wa miaka kumi na minne kwa masikitiko tu, kisha akachukua simu.

"Shangazi, ita polisi," Samira alisema.

"Polisi wa nini? Mjomba wako si namfahamu? Tumetoka wote Tanga."

"Nakuomba, shangazi. Ita polisi."

Bushra alidhani ni kiburi. Habari za mtoto huyu zilishaenea mtaa mzima wa Fordsburg, Johannesburg: ameiba simu shuleni, amemchana mwenzake shavu kwa mkasi. Watu walimhurumia Seif, mwanamume mpole aliyejitwika yatima wa dada yake. Akampigia.

Samira aliketi juu ya boksi stoo, akisikiliza kila gari lililopunguza mwendo nje. Mjomba hakuwa mtu wa makelele. Angemshika mkono njia nzima, angesalimia majirani kwenye ngazi, angefunga mlango, kisha angechomeka pasi. Halafu angeketi karibu yake wakingoja ipate moto, akimwuliza mambo ya shule.

Kuiba kulimpa nafuu kidogo. Kitu kikiwa mfukoni, moyo ulimwenda mbio kwa jambo alilolichagua mwenyewe.

"Assalaam alaykum."

Sauti ile laini. Samira alibana magoti, lakini mkojo ulikuwa umeshamtoka.

"Dada Bushra, nisamehe sana. Hasara yote ni juu yangu," Seif alisema. "Mwanangu, inuka twende nyumbani."

Akamshika mkono. Kidole gumba kikatua juu ya kidonda kilichofichwa na sweta, kikabonyeza taratibu, huku mwenyewe anatabasamu.

Samira akamgeukia Ma Zondi, akaanza kusema Kizulu. Alikulia ndani ya lugha hiyo. Mjomba, kwa miaka yake yote Johannesburg, alijua maneno ya kununulia mkate tu. Alisema akitazama sakafu, bila kulia wala kupandisha sauti, kama anayeomba radhi: pasi, mgongo, mapaja, mlango unaofungwa.

Bushra, aliyezeeka akiwauzia Wazulu na aliyeelewa kila neno, alishika ukingo wa meza.

"Anasema nini?" Seif aliuliza.

Bushra akalivuta birika.

"Anaomba msamaha," Bushra akasema. "Kaa kidogo, kaka. Nikutengenezee chai."

Ma Zondi alitoka, akavuta geti la chuma na kulitia kufuli kwa nje, simu ikiwa sikioni. Seif akalitazama geti. Akamtazama Bushra, ambaye aliendelea kumimina maji kwenye birika lililokwisha kujaa. Kisha akainama sikioni mwa Samira.

"Umewaambia nini, mwanangu?"

Samira alihesabu pumzi zake. Polisi walipofika, walilazimika kuvibandua vidole vya mjomba kimoja kimoja kutoka mkono wa Samira.

Samira alipelekwa kwenye makao ya watoto. Huko nako aliiba saa ya mlezi, akamng'ata aliyejaribu kumkumbatia. Akiitwa kwa upole, alikimbilia chooni na kujifungia.

Kila Ijumaa Bushra alikuwa akienda kumtembelea. Samira alisimama mbali, akichungulia nyuma ya mgeni wake, kwenye lango, kwenye gari, barabarani.

"Nimekuja peke yangu," Bushra alimwambia kila mara, naye akaketi kwenye benchi kumsubiri asogee.