Sanamu katika Nduma za Wambeti

Waziri mkuu wa kisiwa kimoja cha mbali alifariki, na hapo ndipo tulipogundua kwamba tulikuwa tukimpenda sana. Babu yake, Ireri, alitoka hapa kwetu, karibu na Runyenjes. Waziri alipokuwa hai hatukujua hata jina lake. Alipokufa, kila mtu akawa binamu yake.

Mutugi alituzidi sote. Babu yake na huyo Ireri walikuwa ndugu, basi akajiteua mwenyekiti wa kamati ya sanamu, akatangaza kwamba angetoa ardhi ya ukoo bure. Ukarimu ulioje! Ardhi yenyewe ilikuwa kipande cha kando ya mto ambapo Wambeti, mjane jirani yake, alipanda nduma za kulisha wajukuu.

"Baba Njoki, hapo ni shamba yangu," Wambeti alimwambia.

"Mama Lenah, angalia matoka iko wapi."

Kwetu maua ya matoka ndiyo mpaka wa shamba. Yakishasimama mahali, hakuna anayeuliza swali lingine. Wazee walikuja wakati wa kiangazi, wakayakuta katikati ya nduma, yamenyauka kidogo, maskini, kama wageni waliochoka na safari. Wakakubali. Nduma ziling'olewa Wambeti akilia, nami nikamchukia Mutugi kwa moyo wote.

Wiki ya uzinduzi mvua ilinyesha. Mutugi hakupita shambani, alikuwa nyumbani akifanya mazoezi ya hotuba. Siku ilipofika, balozi wa kile kisiwa alikuja na viatu vyeupe, kwaya ikaimba, Mutugi akamlilia mbele ya kamera binamu ambaye hakuwahi kumwona. Kitambaa kikavutwa.

Hakuna aliyetazama sanamu. Tulitazama nyuma yake, upande wa kahawa ya Mutugi, ambako matoka machanga yalikuwa yamechipuka kwa mstari ulionyooka. Aliyehamisha mpaka alikuwa na haraka, akaacha nusu ya mizizi ardhini.

"Mwenye shamba ni nani?" balozi akauliza. "Tupige picha."

Mutugi akanyoosha tai. Mzee Njuki, aliyekuwa ameongoza wale wazee, akamshika bega na kumketisha.

"Mama Lenah, kuja upigwe picha kwa shamba yako."

Wambeti alikuja na matope miguuni. Alimzunguka waziri mkuu, akamkagua toka kichwani hadi viatuni.

"Na huyu atakaa hapa?"

"Atakaa, mama," balozi akajibu.

"Sawa. Kesho napanda nduma. Yeye afukuze nungunungu."