Kamba ya Mafundo Sita

Mwanangu mwenyewe ndiye aliyenisimulia yaliyopita kwenye foleni ya benki kabla sijafika. Alinisimulia siku tuliyorudi kutoka mahafali ya binti yake, tai bado iko shingoni. "Mama, mara mbili binti yangu aliniambia turudi tukasome tena zile karatasi. Mara mbili nikamwambia anyamaze." Nilikuwa nimengoja miaka mitatu aseme. Yaliyobaki niliyaona kwa macho yangu.

Siku ile, saa nane mchana, nilikuwa na watoto watano mkekani. Kazi yangu ni kulea watoto wa majirani wanaokwenda kazini. Mjukuu wangu alikulia humo humo, kati ya vikombe vya plastiki na nepi, na alipomaliza shule akasema anataka kusomea Maendeleo ya Binadamu na Masomo ya Familia. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kumbe kuna shahada ya mkeka wangu!

Baba yake hakucheka. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na asubuhi ile alikuwa ameuza mashine yake, akapata milioni moja na ushee kidogo. Vyuo viwili vilimkubali mtoto, na vyote vilitaka pesa siku hiyo. Karatasi zao zilikaa mezani wiki nzima, na kila mtu alitazama tarakimu zile zile: huku laki nne na nusu, kule milioni moja. "Hata hawa wa mkekani wanajua kipi kikubwa," mwanangu alisema. "Huku nalipa miaka miwili kwa mpigo." Mjukuu wangu alikuwa anakitaka kile cha milioni. Akainamisha kichwa, wakaondoka na namba ya akaunti tu, karatasi zikabaki mezani. Benki inafunga saa tisa, na ada ikishalipwa hairudi.

Mimi niliishia darasa la tatu. Aliyesoma sana huruka maneno. Mimi siwezi, maana sijui lipi ni la kuruka. Nilivuta karatasi ya bei rahisi, nikaweka kidole juu kabisa, nikaanza. Kilipofika kwenye laki nne na nusu hakikusimama. Kwa. Mu. Hu. La. Mstari wa chini yake: mwaka una mihula mitatu, mafunzo kwa vitendo yanalipiwa kando. Nikavuta ya pili. Milioni moja kwa mwaka, mafunzo yamo ndani.

Nikapanga vikombe vitatu sakafuni, nikahesabu. Nikahesabu tena.

Nikampigia mwanangu simu. Ikalia nyuma yangu, ukutani, kwenye chaji.

Watoto wa watu huwaachi. Nikachukua karatasi zote mbili na kamba yangu ya mafundo sita. Kila mtoto na fundo lake, la mwisho ni la akiba. Asiyeshika fundo hatembei. Tukatoka. Mtoto wa miaka miwili hajui haraka ni nini. Mmoja, tuliyemwita Waziri kwa kupenda kukagua, alisimama akakagua mfereji. Saa ya kinyozi ilisema tisa kasoro robo. Nilitamani kumburuta. Nikachuchumaa, nikamngoja amalize, maana akilia yeye wote hukaa chini.

Mlinzi wa benki akanyoosha mkono. "Bibi, hii ni benki, si chekechea."

"Nina mtu wangu dirishani, mwanangu. Tupishe, au nikuachie hawa."

Akawatazama. Akatupisha.

Karani alikuwa keshahesabu pesa, muhuri uko hewani.

"Ngoja!" Sijawahi kupaza sauti mbele ya watoto. Waziri akaanza kulia.

Mwanangu aligeuka, uso umemwiva. "Mama, unaniaibisha. Na hiyo kamba yako!"

"Soma." Nikamwekea karatasi mbele.

"Nimeshasoma."

"Soma na kidole."

Nyuma yetu mtu akasonya. "Jamani, tunafungiwa!" Mwanangu akaweka kidole chake chenye makovu ya cheche, akasoma kwa sauti. Akaipita laki nne na nusu, akafika "kwa muhula". Kisha sauti ikakatika. Karani akabonyeza kikokotoo bila kuombwa. "Milioni moja, laki tatu na nusu kwa mwaka, kaka. Na vitendo bado."

Mwanangu akamtazama binti yake. Binti alikuwa anatazama viatu vyake. Siku ile sikuelewa kwa nini wote wawili hawakushangaa kama nilivyotegemea.

"Andika kile chuo kingine," alimwambia karani, sauti ndogo. Akatoa mfukoni laki iliyopungua. Mwaka mmoja umepatikana. Mingine tungejua mbele ya safari. Muhuri ukashuka.

Wakati wa kurudi alishika fundo la sita. Hakuna aliyemwambia.

Nyumbani niliwalaza watoto mmoja mmoja. Mwanangu akakaa pembeni ya mkeka, "kidogo tu, Mama." Waziri ndiye aliyekataa, akakagua dari, akakagua vidole vyake, hatimaye akafumba macho. Nikadhani wamekwisha kulala wote. Nikataka kumwambia mwanangu avue viatu, lakini mjukuu wangu akaweka kidole mdomoni, akanionyesha. Baba yake alikuwa amelala na viatu vyake, katikati ya watoto, fundo bado liko kiganjani.