Tairi Alizotuma Chinatsu

Tairi zilifika Jumatano asubuhi, mbili, zimeviringishiwa plastiki nyeusi, na mleta mizigo akaziegemeza ukutani akakimbilia gari lake kabla mzee Nagoshi hajamaliza kuvaa ndara. Jina la mtumaji lilikuwa la Chinatsu, binti yake wa pekee anayekaa Nagoya. Nagoshi alisoma jina lile, akavua miwani akaifuta, akasoma tena.

Tangu wamzike mama yake, Chinatsu alikuwa akituma kadi ya mwaka mpya na basi. Lakini majira ya theluji, kwenye simu, Nagoshi alitaja kwamba tairi za pikipiki yake zimekuwa vipara. Alisema tu ili simu isikatike upesi. Kumbe mtoto alisikia! Tena akatafuta saizi, ya mbele na ya nyuma, asikosee hata moja.

Basi Nagoshi akatandika magazeti kwenye chumba chenye madhabahu ya nyumbani, akaziweka tairi zile mbele ya picha ya marehemu mkewe. Akawasha ubani.

"Fumie, tazama," akasema. "Mtoto ametuma."

Harufu ya mpira mpya ikachanganyika na moshi wa ubani, naye akakaa hapo amepiga magoti mpaka yakamuuma.

Shida ilikuja alipofikiria nani atazifunga. Katika mji ule mdogo wa pwani ya Tottori, fundi pikipiki alikuwa mmoja, Kajitani. Mbele ya gereji yake kulikuwa na benchi, na kila Jumamosi Nagoshi alikaa pale na Segawa, dereva wa basi mstaafu, wakinywa kahawa ya kopo na kumsumbua fundi asifanye kazi. Siku nyingine zote za wiki, sauti iliyomsemesha Nagoshi nyumbani kwake ilikuwa ile iliyorekodiwa, ya mwanamke wa ndani ya mtambo wa bafu, anayetangaza kwamba maji yamepata moto. Nagoshi alikuwa na mazoea ya kumjibu, "Haya, ahsante."

Sasa, kwa Kajitani desturi ilikuwa hivi. Ukinunua tairi kwake, anakufungia kwa bei ndogo, na kusawazisha gurudumu hata hakutozi. Ukija na tairi ulizonunua kwingine, unalipa mara mbili. Kibao kilikuwa ukutani, kwa mwandiko wake mwenyewe. Na si pesa tu. Kumpelekea tairi za kwingine ni kama kuingia kwenye mgahawa wa jirani yako na wali wako umeufunga kwenye leso. Msimu uliopita kijana mmoja alikuja nazo hivyo. Kajitani alimfanyia kazi safi kabisa, akampa risiti kwa mikono miwili, akainama chini kwa heshima anayopewa mgeni, akabaki ameinama mpaka kijana akapotea kwenye kona. Kisha akainuka akasema, "Huyo harudi, na asirudi."

Neno hilo ndilo lililomkaa Nagoshi rohoni. Kuzirudisha tairi hawezi, mtoto atajisikiaje? Kumpelekea Kajitani nako hawezi. Akapiga hesabu siku nzima, akaosha kikombe kile kile kila mara, mwisho akaamua kwenda kwenye duka kubwa la barabara kuu, huko ambako hakuna anayemjua.

Alizifunga tairi nyuma ya kiti kwa kamba ya mpira, akapitia njia ya mashamba ya mpunga, ndefu na yenye tope, ili asipite mbele ya gereji. Dukani alipewa namba. Ukutani bei zilikuwa zimepangwa: kuvua gurudumu, kufunga tairi, kusawazisha, kutupa tairi kuukuu. Msichana wa kaunta alikuwa na kucha za rangi ya waridi na sauti nzuri.

"Binti yangu ndiye aliyezituma," Nagoshi akamwambia. "Kutoka Nagoya. Mimi nilitaja tu, sikumwomba."

"Ndiyo, mheshimiwa mteja," msichana akajibu. "Kwa tairi za kuja nazo, kufunga ni mara mbili. Ni sawa?"

"Ni sawa. Hata saizi alijua mwenyewe."

"Ndiyo, mheshimiwa mteja. Tafadhali subiri pale."

Akasubiri kwenye kiti cha plastiki, baina ya watu waliokuwa wakitazama simu zao. Nyuma ya kioo, vijana watatu walifanya kazi bila kusemezana. Walipomaliza alilipa yen elfu kumi na nne, na mmoja akamwonya aendeshe polepole mwanzoni kwa sababu tairi mpya huteleza. Akashukuru. Njiani kurudi pikipiki ilikwenda laini kama imepakwa mafuta, naye akatamani kuwe na mtu wa kumwambia.

Jumamosi akaenda kwa Kajitani kama kawaida. Alijiambia fundi hataona.

"We Nago!" Segawa akapiga kelele kutoka kwenye benchi. "Tulidhani umekufa! Nilishamwambia Kaji pikipiki yako naichukua mimi."

"Utaiweza wapi, miguu yenyewe haifiki chini!"

Kajitani akatoka ndani akijifuta mikono, akicheka. Kama afanyavyo siku zote, akachutama kuitazama pikipiki hata kabla ya kumsalimu mwenyewe. Tairi mpya ina vinywele vya mpira, vyembamba, ambavyo huisha kwa kutembea. Kajitani akapitisha kidole juu ya vinywele vile. Akatazama ringi, akaona vipande vya risasi vya kusawazishia, vimebandikwa vipya, vyeusi. Vyake yeye vilikuwa vyeupe.

Akasimama. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Karibu sana, Bwana Nagoshi," akasema. "Nikusaidie nini leo?"

Miaka yote ile alikuwa akimwita Nago, au mzembe, au we mzee mchafu. Segawa alikodoa macho, akainamia kopo lake. Kajitani akaingia ndani akatoka na chai kwenye kikombe cha wageni, chenye kifuniko, akakiweka kwenye sinia mbele ya Nagoshi kwa mikono miwili.

"Kaji, acha bwana," Nagoshi akasema.

"Tafadhali, Bwana Nagoshi. Inapoa."

Nagoshi akainywa chai yote, ikamchoma ulimi, akashukuru, akaondoka. Hakugeuka nyuma, maana alijua Kajitani ameinama.

Jumamosi iliyofuata hakwenda, na nyingine pia. Alifagia ua uliokuwa msafi. Chinatsu alituma ujumbe kuuliza kama tairi zimefaa, akajibu zimefaa sana, akangoja. Kikaja kipicha cha uso unaocheka, hakuna zaidi. Ijumaa jioni mwanamke wa bafu akatangaza maji, na kwa mara ya kwanza Nagoshi hakumjibu. Alikaa sebuleni bila kuwasha taa mpaka maji yakapoa, na ndipo akaona kwamba hali hii akiizoea, itakuwa ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho wake.

Kulipokucha Jumamosi akaenda, pikipiki akiikokota kwa miguu. Segawa alikuwa benchini. Kajitani alikuwa akikaza mnyororo wa pikipiki ya posta.

"Karibu, Bwana Na..."

"Chinatsu ndiye aliyezituma," Nagoshi akasema, sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Tairi. Hajanituma... hajanitumia kitu tangu mama yake afe. Ningezirudishaje? Na kukuletea wewe niliona haya. Nikaenda barabara kuu."

Kajitani akaweka spana chini.

"Walikutoza ngapi?"

"Mara mbili."

Segawa akapasuka kwa kicheko mpaka kahawa ikamtoka puani. "Mara mbili! Umemkimbia Kaji ukalipe mara mbili kwa watoto! Hee, Nago, hata mimi ningekufungia kwa meno!"

Kajitani hakucheka. "Hayo ya Chinatsu, ulimweleza nani kwanza?"

Nagoshi alitazama chini. "Msichana wa kaunta."

"Alisemaje?"

"Aliniambia nisubiri pale."

Kajitani akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Mimi ningekutoza mara mbili," akasema. "Na ningekutukana wiki tatu. Lakini habari yenyewe ningeisikia, bwana. Sisi tumekaa hapa na Segawa tunajua bei ya samaki wa kila mtu, na hili hatulijui."

Akaivuta pikipiki ndani bila kuomba ruhusa. Akalivua gurudumu la mbele, akalipitisha kwenye ekseli ya kipimo chake cha chuma, akalisukuma kwa kidole. Wote watatu wakalitazama. Gurudumu lenye kasoro hurudi nyuma kidogo, upande mzito ukitafuta chini. Hili lilizunguka, likapunguza mwendo, likasimama lilipotaka. Akasukuma tena. Likasimama kwingine.

"Wamefanya vizuri," Kajitani akasema, na ilimuuma, ilionekana wazi. Hapakuwa na cha kurekebisha. Akaanza kufunga gurudumu, mgongo kwa wenzake, na Nagoshi akaona kwamba kazi hii ikiisha ataambiwa tena ahsante, Bwana Nagoshi.

"Angalia na la nyuma," akasema.

"La nyuma litakuwa zuri vile vile."

"Liangalie tu, Kaji."

"Nitakutoza."

"Toza."

"Mara mbili, Kaji! Tairi si za kwako hizi!" Segawa akadakia kutoka mlangoni.

Kajitani akaenda kabatini kutafuta spana kubwa ya nati ya nyuma. Aliporudi akapiga magoti, akaishika nati, akavuta, haikutaka kulegea. Nagoshi naye akapiga magoti upande wa pili, akaishikilia pikipiki isitikisike.

"Na yeye anakuja lini, huyo Chinatsu?" Kajitani akauliza, uso bado kwenye nati.

"Hajasema."

"Umemuuliza?"

"Bado."

"Mzembe wewe," Kajitani akasema. "Shika vizuri, itakuangukia."