Simu ya Ngatia Ilikuwa na Kufuli

Mwaka wa 1999, kijijini kwao upande wa Tetu, simu ilikuwa moja tu, na mwenyewe alikuwa Ngatia. Ilikaa juu ya kaunta ya duka lake, nyeusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kwenye duara la namba palitiwa kufuli dogo. Ukienda kumwomba upige, hata kama nyumbani kuna mgonjwa, Ngatia aliguna na kusema, "Hii simu ni ya mambo ya maana." Mambo ya maana yalikuwa yake peke yake. Watu waliondoka wakimsonya kimoyomoyo, lakini waliondoka.

Kwa hiyo Ngatia aliposema kwamba Mukami amempigia simu kutoka Uingereza na amekubali kuolewa na kijana mwenye malori wa Murang'a, nani angebisha?

Wamucii alibisha. Mukami alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyekwenda Leicester kusomea uuguzi, na Ngatia alikuwa shemeji tu, mdogo wa marehemu mumewe. Kila mtu alijua kilichokuwa chini ya haraka ile. Marehemu aliacha shamba la chai, na maadamu Mukami alikuwa bado wa nyumba ile, shamba lilikuwa na mwenyewe. Akishaolewa, Ngatia angesimama mbele ya ukoo aseme msichana ameenda kwa watu, ardhi irudi kwa wanaume. Na wanaume walikuwa yeye.

Kilichomuuma Wamucii zaidi ni kwamba Ngatia alimpenda yule msichana, au alijifanya. Mukami alipewa jina la mama yake Ngatia, kama desturi inavyotaka, na Ngatia alimwita "mama" tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alimpa peremende za dukani, akimwambia, "Mama yangu asilie." Leo alikuwa anamuuza huyo mama yake kwa tabasamu lile lile.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ya Ngatia ilipita Majengo.

Siku za soko Wamucii aliteremka Nyeri mjini kuuza ndizi, na akishamaliza alipitia mtaa wa Majengo kwa Mwanabibi, mama wa Kiislamu aliyefundisha watu kupiga chapa kwa kompyuta katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mwanabibi alikuwa na kaka huko Leicester, Harun, na wawili hao walizungumza kwa intaneti kupitia kompyuta, bila kulipia simu ya posta ya ng'ambo. Harun ndiye aliyempa Mukami siri hiyo, akamfungulia na kompyuta yake mwenyewe. Mara ya kwanza Wamucii alipoisikia sauti ya mwanawe ikitoka kwenye kisanduku cha plastiki, imepasukapasuka kama redio ya betri kuukuu, alilia, kisha akaanza kupiga kelele ili asikike.

"Mama Mukami," Mwanabibi alicheka, "mwanao hayuko ng'ambo ya bonde. Sema polepole. Bonyeza hapa ukisema, achia ukimaliza. Mmoja akisema, mwingine hasikiki kabisa."

Hapo ndipo Wamucii alipomweleza binti yake habari za Murang'a. Akaachia kitufe, na sauti ikaja ikiwa na hasira. "Mimi sijakubali kitu! Huyo mtu hata simjui. Na sijaongea na baba mdogo tangu nije huku."

"Nikisema hivyo hawataniamini. Mimi ni mwanamke wa jikoni tu."

"Basi waniulize mimi. Si pombe hainywewi mpaka msichana aseme inywewe? Siku wakija, walete hapo. Nitakuwa nimekaa hapa nikingoja."

Siku ikafika. Watu wa Murang'a walikuja na pikapu, mbuzi nyuma, na kibuyu kikubwa cha pombe ya muratina. Wanaume waliketi sebuleni kwa Wamucii, Wamucii mwenyewe akiwa jikoni na masufuria. Ngatia alikuwa ameshika pembe ya kunywea iliyoletwa na wageni tangu watu wanaingia, mtu asije akampokonya.

Msemaji wa wageni alikuwa Mzee Muriithi, mtu mkavu, mpole, asiyependa njia za mkato. Kibuyu kilipowekwa katikati aliuliza kama inavyoulizwa siku zote, "Msichana ako wapi atuambie kama tunywe?"

"Si niliwaambia ako Uingereza," Ngatia akajibu. "Alinipigia simu, amekubali. Ati tungoje nini tena? Mimina!"

Wamucii alitoka jikoni na kitambaa cha sufuria mkononi. Akasimama wima. "Hiyo pembe, Ngatia, weka chini. Mukami hajakubali. Na kama mnataka kumsikia, ako tayari sasa hivi, pale Majengo. Mnaweza kumuuliza wenyewe."

"Mama Mukami, rudi jikoni," Ngatia alisema. "Unatuaibisha mbele ya wageni."

"Aibu ni yako. Sirudi."

Wanaume wakaguna. Mwanamke kuingilia mazungumzo ya mahari ni jambo ambalo lingesemwa mpaka soko la mbali la Chaka. Lakini Mzee Muriithi alikuwa amekwisha kusimama, anatafuta fimbo yake. "Mimi nimesemea watu wengi, na sijawahi kunywa ya msichana ambaye sijamsikia. Kama sauti iko, twende tuisikie. Kibuyu tutakibeba."

Basi pikapu ikateremka Nyeri na wazee wake, kibuyu kimepakatwa kama mtoto. Kwa Mwanabibi kikazuiliwa mlangoni. "Wazee, karibuni sana," alisema, "lakini hicho hakiingii nyumbani kwangu." Kikabaki kizingitini, na Ngatia akaingia na pembe tupu.

Mwanabibi aliwatoa wanafunzi, akaunganisha laini ya simu, mashine ikalia na kukwaruza mpaka wazee wakatazamana. Kisha ikatulia, na kutoka kwenye kile kisanduku ikaja sauti: "Mama? Wamefika?"

Ngatia alikuwa wa kwanza kuinyakua maikrofoni. Katika mikutano yote ya ukoo hakuna mtu aliyewahi kumaliza sentensi Ngatia akiwepo. "Mama yangu!" alinguruma. "Waambie hawa wazee vile uliniambia kwa simu!"

Mwanabibi akamwachisha kitufe. Wakangoja. Sauti ilichukua muda kuvuka.

"Wazee, nawasalimu. Baba mdogo, simu gani?"

"Simu yangu! Ya dukani!" Ngatia alipaza sauti, lakini Mukami alikuwa bado anasema, na Ngatia alikuwa anapigia kelele plastiki.

"Nimejaribu hiyo simu yako tangu Pasaka," sauti iliendelea bila kusimama. "Kila nikipiga naambiwa laini imekatwa. Nikadhani nimekosea namba, nikauliza, wakaniambia ni hiyo hiyo, imekatwa. Baba mdogo, hiyo kitu umefungia kufuli ni maiti."

Wamucii alikumbuka kitambaa cha kufuma, kufuli dogo, na wote waliofukuzwa pale kaunta kwa ajili ya mambo ya maana. Kicheko kilimpanda, akakimeza.

Ngatia alibadilika rangi. Akageuka upande mwingine, kama afanyavyo mtu aliyebanwa. "Hii mambo ya kuongea kwa kompyuta serikali imekataza! Nyinyi wote mnavunja sheria. Nitapigia polisi simu, sasa hivi!"

"Pigia," Mwanabibi alimwambia kwa upole. "Utapiga na ipi?"

Hapo hata watu wa Murang'a walicheka. Mmoja alikohoa mpaka akapigwa mgongoni. Wamucii naye alicheka, kwa sauti, mbele ya wanaume, na hakujifunika mdomo.

Mzee Muriithi peke yake hakucheka. Aliomba aonyeshwe kitufe, akakibonyeza kwa kidole gumba kama anayejaribu tunda, akainama. "Mukami, mimi naitwa Muriithi. Tumeleta pombe. Iko hapa mlangoni. Nakuuliza vile msichana anaulizwa: tunywe ama tusinywe?"

Akaachia.

Ngatia alianza kusema. Alisema juu ya ukoo, juu ya marehemu kaka yake, juu ya mbuzi waliokwisha kufika, alisema kwa nguvu zake zote, na hakuna neno lake hata moja lililofika Leicester. Sauti ilipokuja ilimpita juu kana kwamba hayupo.

"Mzee Muriithi, asante kwa kuniuliza. Hakuna mtu mwingine aliniuliza. Nyinyi sina ubaya na nyinyi, na kijana wenu apate mke anayemtaka. Mimi nitaolewa siku nitasema mwenyewe, na shamba la baba yangu litabaki kwa mama yangu hata nikiolewa mara kumi." Ikakwaruza kidogo. Wamucii alifikiri laini imekatika. "Na wewe, Ngatia."

Hakusema baba mdogo. Ngatia aliacha kuongea.

"Tangu nizaliwe unaniita mama. Niko na jina la mama yako, na ni wewe ulinifundisha kuitika. Basi nimeitika. Mama yako anakwambia usinywe. Najua umeishika pembe. Irudishe kwa wenyewe."

Hakuna aliyemtazama Ngatia; wote waliangalia kisanduku. Wazee wa kwetu huweza kupinga msichana, huweza kupinga mjane, lakini jina la mama mtu halipingwi mbele ya mashahidi, hasa na yule aliyelitamka kila siku akigawa peremende.

Mzee Muriithi alinyoosha mkono. Pembe ikatoka kwa Ngatia pole pole, ikaingia mkononi mwa mwenyewe. Mzee aliigeuza mdomo chini, akaitikisa, ingawa ndani hamkuwa na tone.

"Tumesikia, mama," alisema, na hakubonyeza kitufe, kwa maana alikuwa akimwambia Wamucii.